Tope la Mlangoni

Mwaka niliomaliza chuo nilikuwa na mashaka na kila kitu isipokuwa jambo moja. Nilitilia shaka dawa za kikohozi, ahadi za ajira, wataalamu wa kwenye redio, hata mizani ya duka la jirani yetu pale Kibiti. Lakini mtu akiniuliza kama kuna viumbe wakubwa, wenye macho na miguu na akili, kwenye sayari nyingine huko mbali, nilikuwa najibu kwamba wapo. Sikusema huenda. Nilisema wapo, kwa sababu nyota ni nyingi mno, nyingi kati ya hizo zina sayari, na haiwezekani kote huko pawe patupu. Nilikuwa nimesomea baiolojia, kwa hiyo watu waliniamini.

Bibi yangu mzaa mama hakuniamini.

Nilikwenda kukaa kwake, kwenye kisiwa kimoja cha delta, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ajira haikuwapo, na nilichoka kuulizwa na kila mpita njia pale Kibiti kama nimeshapangiwa kituo. Ya pili ni macho yake. Mtoto wa jicho alikuwa ameziba macho yote mawili, na kila mwezi alizidi kuona ukungu. Mama alikuwa amesikia kwamba madaktari wa macho wangefika hospitali ya Mchukwi kwa siku chache mwezi uliofuata. Walikuwa wanatoka mbali, na hakuna aliyejua wangerudi lini. Bibi alisema atakwenda, ila atakwenda kwa fedha ya kaa wake, si kwa michango ya watoto.

Kaa wenyewe walikuwa ishirini, kwenye vizimba viwili vya fito alivyovizamisha kwenye ukingo wa mkondo mkubwa. Kizimba cha kaa ni kama nyumba ya wapangaji wasiosalimiana. Kila mmoja ana chumba chake chenye kifuniko, kwa sababu ukiwaweka pamoja, mmoja wao akijivua gamba huliwa na jirani kabla gamba jipya halijakauka. Bibi alikuwa anachukua kaa watupu, wale ambao wanunuzi huwakataa kwa kuwa ndani wana maji badala ya nyama, na kuwalisha vichwa vya samaki na konokono wa mikokoni mpaka wajae. Kazi yangu ilikuwa kuponda konokono. Yake ilikuwa kunikosoa.

"Mke mwenzangu," aliniambia siku ya kwanza, maana huo ndio utani wetu tangu nikiwa mdogo, mimi na yeye tukigombea mume mmoja aliyekufa kabla sijazaliwa. "Unaponda kama unamwogopa. Hana meno huyo."

Ugomvi wetu wa kwanza ulihusu mwezi. Kila mtu huko anajua kwamba mwezi ukiwa mpevu kaa huwa watupu, na giza likirudi hujaa. Bibi naye alijua. Nilimuuliza amejuaje. Akasema kwa kula. Nikaazima mizani ya mjomba, yule mdogo wake mama ambaye ana boti ya injini, nikawapima kaa wote ishirini mmoja mmoja kila baada ya siku tatu, nikaandika kwenye daftari. Mwezi ulipopevuka, kaa wa bibi hawakupungua hata kidogo. Nilimsomea.

"Kaa wangu wamelelewa," alisema. "Wa porini ndio wanaojua mwezi."

"Kwa hiyo si kaa wote."

Aliendelea kufunga kifuniko kwa kupapasa. Nilijisikia vizuri sana siku ile. Nasema hivi kwa sababu ushindi ule mdogo ndio uliozaa yaliyofuata.

Mtandao wa simu kisiwani unapatikana sehemu moja tu, kwenye ngazi ya tanki la maji la shule. Ukipanda vipawa vinne unapata ujumbe, ukipanda saba unapata picha. Nilikuwa napanda saba. Nilisoma kuhusu wanasayansi wanaopima hewa ya sayari wasizoziona, kwa kuchunguza mwanga wa nyota unapopenya pembezoni mwa sayari hizo, ili wajue kama kuna gesi ambazo kwa kawaida hutolewa na viumbe hai. Asubuhi moja maji yalipokupwa, tukiwa tumechutama kwenye vizimba, bibi aliniuliza nakaa kule juu na nani.

"Jana umeshinda kwenye tanki mpaka alasiri. Mchumba?"

"Habari za sayari, bibi."

"Ina mchumba hiyo sayari?"

Nikamweleza. Alisikiliza huku anamlisha kaa kwa kijiti. Nilipofika kwenye ile hewa, aliuliza wameona nini.

"Bado wanabishana."

"Wao wanabishana, wewe umeshamaliza."

Alichota tope kwa kiganja, tope jeusi linalonuka yai viza, akalisogeza puani kwangu. "Humu je, kuna viumbe?"

Hapo nilikuwa kwenye uwanja wangu. Nilimwambia kwamba kwenye kiganja kile kulikuwa na viumbe wengi kuliko watu wote wa Tanzania, wadogo wasioonekana, wa seli moja moja, wengi wao wasiohitaji hata hewa, na kwamba hao ndio wanaotoa ile harufu. Nikamwambia kwamba kwa sehemu kubwa ya umri wake dunia nzima ilikuwa hivyo. Hapakuwa na kaa wala mkoko wala bibi, ni viumbe wa seli moja tu kila mahali, kwa muda ambao akili haiushiki. Kisha, kama wengi tunavyoamini leo, kiumbe kimoja kidogo kikaingia ndani ya kingine, labda kwa kumezwa. Badala ya kusagwa kikabaki humo hai, kikafanya kazi ya kumpa mwenyeji wake nguvu. Wakaishi pamoja, wakazaa pamoja. Mimea yote na wanyama wote, na sisi, tumetoka kwa wale wawili.

"Alimmeza, akashindwa kummaliza, wakakaa," alisema bibi. "Basi hiyo ni ndoa."

"Ni ndoa."

"Ilitokea mara ngapi?"

"Kwa tunavyojua, mara moja."

Aliacha kulisha. "Katika viumbe wote hao, wanaojaa kiganja, muda wote huo, mara moja?"

"Ya kutuzaa sisi, mara moja."

"Sasa mbona unasema huko nje wapo tele?"

Nikamrudishia hesabu yangu ya nyota. Nyota nyingi, sayari nyingi, miamba na maji yale yale. Nilizungumza kwa muda mrefu, na kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Alinisubiri nimalize.

"Wewe unahesabu mashimo," alisema, akafunga kizimba.

Sikuuliza maana yake. Nilidhani ni njia yake ya kukataa kushindwa mara ya pili.

Siku ile ile wakati wa kurudi alianguka. Njia ya kutoka kwenye mkondo mkubwa inapita juu ya mizizi, mwendo wa dakika ishirini kwa mtu anayeona, na yeye alikuwa anaitembea kwa kukumbuka. Alichanika muundi. Nikiwa namfunga kitambaa nilimwambia kwamba hii safari haina sababu. Nyuma ya nyumba, hatua chache tu, kulikuwa na dimbwi linalolishwa na kijito, lenye kivuli, ambalo maji yake hayakauki hata bahari ikupwe vipi. Tuhamishie vizimba pale.

"Pale hapajawahi kuwa na kaa," alisema.

"Kuna mtu amewahi kujaribu?"

Alifikiri. "Hapana."

"Tope ni lile lile. Mikoko ni ile ile. Maji yanatoka kwenye bahari ile ile. Kwa nini wasiishi?"

Alikuwa anajua kwamba pale si pazuri, lakini alichokuwa anakijua hakikuwa kwenye maneno, na mimi nilikuwa nimemzoesha kwamba kisicho kwenye maneno wala kwenye daftari hakihesabiwi.

"Haya, msomi," alisema mwisho. "Wewe unachezea kaa. Macho ni yangu."

Tulivihamisha siku mbili baadaye, mwezi ukiwa mpevu na bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, limejaa. Maji yalipanda kwa nguvu, yakaingia kwenye kijito, yakalijaza dimbwi na kulisafisha, mara mbili kwa siku. Kaa walikula. Bibi mwenyewe alikuja kusikiliza kaa wakigonga fito kwa magando, akasema, haya, wana afya. Kisha mjomba akampeleka kwa boti mpaka gati ya Nyamisati, na kutoka hapo bibi akaenda Kibiti kwa mama, ili awe karibu na Mchukwi siku ya kuandikishwa wagonjwa ikifika. Mimi nilibaki na kaa.

Alikuwa ananipigia kila siku baada ya adhuhuri, saa ambayo tulikubaliana niwe kwenye ngazi ya tanki. Swali lake la kwanza halikuwa hujambo.

"Mwezi una siku ngapi leo?"

"Bibi, kalenda ipo ukutani hapo kwa mama."

"Siioni. Ndiyo maana nakuuliza wewe."

"Kumi na nane."

"Maji yanafika?"

"Maji yapo. Hayakauki, nilikwambia."

"Nimeuliza kama yanafika."

Nilisema ndiyo. Kwangu mimi yalikuwa maneno mawili ya jambo moja. Dimbwi lilikuwa na maji, hilo nililiona kwa macho yangu. Sikugundua kwamba kila siku bahari ilikuwa inaishia chini kidogo ya jana yake, kama inavyofanya kila baada ya mwezi mpevu, na kwamba mdomoni mwa kijito kulikuwa na kizingiti cha tope. Bamvua likipita, maji hayafiki kwenye kizingiti. Kinachobaki ndani kimebaki.

Siku ya ishirini na mbili ya mwezi vichwa vya samaki nilivyotupa jana yake vilikuwa havijaguswa. Nilidhani wameshiba. Siku ya ishirini na tatu, asubuhi, maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, yenye utando juu, na nilisikia harufu kabla sijafika. Nilifungua kifuniko cha kwanza. Kaa alikuwa amejibandika juu kabisa chini ya kifuniko, magando yamepenya kwenye nafasi za fito kuelekea hewani, amekufa. Wa pili vivyo hivyo. Vifuniko vyote vilikuwa chini ya maji, kwa sababu mimi ndiye niliyechagua kina.

Nilifahamu papo hapo kilichotokea, na kufahamu huko hakukunisaidia. Chakula kilioza, viumbe wadogo wa topeni wakaongezeka kwa kukila, wakaimaliza oksijeni yote ya dimbwi, na maji mapya hayakuja. Dimbwi halikuwa limekufa. Lilikuwa hai kuliko siku zote. Isipokuwa tu kwamba hakuna kikubwa ambacho kingeweza kuishi ndani yake. Nilichutama pale nikikumbuka nilivyomweleza bibi habari za dunia ya kale kana kwamba ilikuwa mbali.

Kati ya ishirini, niliopoa saba wazima. Niliwaweka kwenye tenga, nikawafunika kwa majani mabichi, nikawapeleka kivulini. Adhuhuri nilipanda ngazi.

"Mwezi una siku ngapi?"

"Bibi, wamekufa kumi na tatu."

Nikaanza kueleza kizingiti, oksijeni, kuoza. Akanikata.

"Ulinusa tope kabla ya kuviweka vizimba?"

"Hapana."

"Wewe unayeuliza kila mtu kila kitu." Akakata simu.

Madaktari walikuwa wamebakiza siku nane kufika. Siku ile mjomba alikuja, akatazama tenga, akatazama dimbwi, akasema, "Hao wageni wako wa kwenye sayari, wakija usiwape dimbwi hili." Kisha akanipa fimbo yake ya chuma, ile iliyopindwa ncha, ya kuvulia kaa kwenye mashimo yao, na kuniambia kwamba kesho angenishusha kule nyuma ya mkondo mkubwa wakati wa maji kupwa. Hakusema kwamba ni adhabu.

Nilikuwa sijawahi kuvua kaa wa porini. Sehemu aliyonishusha ilikuwa na mashimo kila mahali, kila penye mizizi, na nilifurahi, maana kwa wingi ule kumi na tatu ningewapata kabla siku haijaisha. Niliingiza fimbo kwenye shimo, mkono hadi begani, shavu kwenye tope. Tupu. La pili tupu. Nilipofika la arobaini nilikuwa nimepata kaa mmoja, mdogo, na gando lake likanipata kidoleni. Maji yakapanda.

Bibi alipiga adhuhuri ya siku ile. Nadhani hasira yake ilikuwa bado nzima, lakini macho pia yalikuwa bado yake.

"Umeingiza mangapi?"

"Arobaini na kitu."

"Si nilikwambia unahesabu mashimo." Alivuta pumzi. "Shimo si kaa. Shimo ni shimo. Tazama mlangoni. Kama yumo, usiku ametoka, amerudi na tope. Hilo tope la mlangoni litakuwa jipya, laini, lina mikwaruzo ya miguu. Kama mlango umekauka au una utando wa buibui, pita. Humwoni yeye, unaona alichofanya."

Nilibaki nimeshika kipawa cha ngazi. Kwa wiki nyingi nilikuwa nimesoma, kwenye kipawa kile kile, juu ya watu wanaotafuta uhai usioonekana kwa kuchunguza hewa inayouzunguka. Nilisoma nikiruka haraka, kwa sababu nilikuwa nataka tu wafike kwenye jibu ambalo mimi tayari nilikuwa nalo. Sikuwa nimeona kwamba wao hawahesabu mashimo. Wanatazama mlangoni. Na pengine mlango mmoja mmoja, kwa maisha yao yote, wakipita penye ukavu.

Kesho yake niliingiza fimbo mara tisa tu. Nilipata wanne. Siku zilizofuata nilianza kuona vitu ambavyo havikuwapo jana: tope lililomwagwa upande mmoja, unyevu mahali pasipostahili unyevu, ganda la konokono lililopondwa. Nilikosea pia. Shimo moja lilikuwa na dalili zote, tope jipya, mikwaruzo, nikajinyoosha nusu saa nzima, kumbe ndani alikuwamo kambare mamba, yule samaki wa topeni anayevuta hewa kama sisi. Hata dalili nzuri inaweza kuwa ya mwenyewe mwingine. Nilimsimulia bibi, akacheka kwa mara ya kwanza.

Mpaka siku ya mwisho nilikuwa na kaa kumi na tisa, pamoja na wale saba. Lakini wa porini walikuwa wepesi, ijapokuwa giza la mwezi lilikuwa limerudi. Mnunuzi wa Nyamisati aliwakandamiza matumbo, akawarudisha sita, na mjomba akasema tushukuru hakurudisha zaidi. Walitosha kwa jicho moja. Daktari alisema wangeanza na moja kwa vyovyote. La pili likaandikwa lisubiri safari nyingine ya madaktari, isiyo na tarehe.

Nilikuwapo Mchukwi asubuhi bandeji ilipotolewa. Bibi alitazama ukuta, akatazama muuguzi, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mke mwenzangu," alisema, "kumbe una sura ya babu yako. Pole."

Alikaa Kibiti kwa mama siku chache akitiwa dawa. Tulirudi Nyamisati alasiri moja, tukakaa kwenye benchi la gatini kumsubiri mjomba. Bibi alikuwa amevaa miwani myeusi aliyopewa, akaivua, akaweka kiganja juu ya paji la uso. Mwezi ulikuwa umetoka mchana kweupe, nusu, mweupe kama kucha.

"Ile mikwaruzo mle ndani ni nini?"

"Mabonde na mashimo. Mashimo mengi sana."

"Yana tope mlangoni?"

"Makavu. Hakuna maji wala hewa. Hakuna kitu kilichotoka wala kuingia."

"Basi hamna mtu."

"Hamna."

"Na kule kwingine, kwenye hizo nyota zako?"

Nilianza na ile hesabu, kwa mazoea, nikaishia kwenye neno la pili. "Sijui, bibi," nikasema. "Wale wadogo, kama hawa wa topeni, nadhani wapo. Wakubwa sijui. Huenda tuko peke yetu. Huenda hatujafika kwenye mlango wenye tope."

Hakunipongeza. Alikuwa bado anautazama mwezi kwa jicho lake jipya, lile jingine amelifumba, midomo inahesabu.

"Una siku saba leo," alisema. "Kesho kutwa maji hayafiki kwako kule. Vizimba bado vipo dimbwini?"

"Vipo."

"Tukishuka tu, tunavitoa. Sitaki kaa mwingine afie humo."

Tulishuka jua likiwa bado lipo juu. Hakupita nyumbani. Alikwenda moja kwa moja nyuma, akainua ncha moja ya kizimba, akasubiri niinue ya pili, na njia nzima ya kwenda mkondo mkubwa alinitangulia yeye, akikanyaga mizizi bila kupapasa, akilalamika juu ya jinsi nilivyofunga kamba.